Leta Toto, Upesi

Mama hakujua Kiswahili ila maneno matatu, na yote alifundishwa na askari: toka, leta, upesi. Siku walipomchukua baba waliupiga mlango mateke, wakasema leta bwana, wakasema toka, wakasema upesi, na hatukumwona tena. Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mkonge kule Thika, akakaa na watu wa kila kabila, na ndiye aliyenifundisha mimi Kiswahili cha watu.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha Hali ya Hatari cha serikali ya kikoloni, upande wa Ruiru: nyumba za udongo kwa mistari, handaki limezunguka kote, lango moja linalindwa na homugadi, weusi wenzetu waliopewa bunduki na serikali. Kila asubuhi akina mama walitolewa kwenda kuchimba barabara bila malipo, na mashamba yakaliwa na magugu. Ndugu yangu mdogo, ambaye hata miaka mitano hakuwa ametimiza, akaanza kuvimba miguu. Nywele zake zikageuka rangi ya kutu. Akipewa uji anaugeuzia uso. Mtoto wa jirani alianza hivyohivyo, na tulikuwa tumeshamzika.

Ndipo wakaja wanafunzi watatu kutoka Uingereza. Walikuwa likizo ya chuo kikuu, wamekuja kwa hiari yao kuwapa watoto wetu maziwa ya unga. Wasichana wawili na mvulana mmoja, pua zimeiva kwa jua. Kibanda chao cha mabati kilijengwa, ole wetu, ubavuni mwa kituo cha homugadi. Walilala kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, na yule msichana mrefu, ambaye alikuwa na bidii kuliko wenzake, akaokota Kiswahili hukohuko, kwa kumsikiliza mama mwenye nyumba akimtuma mpishi wake. Simlaumu. Mtu hujifunza kusema mahali anapokula.

Siku ya kwanza ya kugawa maziwa alipita nyumba kwa nyumba akitabasamu na kupaza sauti: "Leta toto! Toto yote! Upesi, upesi!"

Kijiji kizima kikanyamaza. Hata kuku walifukuzwa ndani. Mama alimsukuma ndugu yangu chini ya kitanda, akamfunika gunia, akatia komeo mlangoni na kunisimamisha hapo.

"Wewe! Iko toto ndani?" yule msichana akauliza nje ya mlango.

"Hapana. Iko mimi tu," nikajibu kwa lugha yake.

Nyuma yangu kikohozi kikaanza. Mama akajitupa chini, akapitisha mkono gizani akamziba mtoto mdomo. Kwenye ufa wa mlango niliviona viatu vya yule msichana. Haviondoki. Sikujua kipi kitaisha kwanza, subira yake au pumzi ya ndugu yangu. Mwishowe viatu viligeuka. Mama alipotoa mkono mtoto alikuwa amelegea, akavuta hewa kwa kelele, nami nikalia kwa hasira.

"Mama, ni maziwa tu. Anagawa maziwa."

"Maitu," akasema. Aliniita hivyo, yaani mama yangu, kwa kuwa nilibeba jina la mama yake. "Baba yako aliitwa kwa maneno hayohayo."

"Na mtoto akifa?"

"Atafia mikononi mwangu."

Sikuwa mtoto mpole. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, hilo nililielewa. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimechoka kumwona ndugu yangu akifichwa kama chupa ya pombe.

Kesho yake mama alimfunga mtoto mgongoni akaenda naye barabarani, hakuniamini tena. Nami nikaenda kibandani, homugadi wananitazama. Yule mrefu akanipa kikombe. Nikakikataa.

"Wewe hapana sema leta," nikamwambia. "Leta ni ya askari. Wewe sema hodi."

"Hodi? Hodi nini?"

Hakuwahi kulisikia. Nikashangaa, kisha nikaona nilivyo mjinga. Angelisikia wapi? Mama wa shamba la kahawa haingii jikoni kwake kwa hodi. Basi nikatoka nje, nikasimama mlangoni, nikasema hodi, nikangoja.

"Wewe ngoja mpaka sikia karibu," nikasema. "Kama hapana sikia, rudi."

Akaiva uso mzima, si pua tu.

Alikuja jioni, kafyu ikikaribia. Mama aliposikia viatu alimsukuma mtoto chini ya kitanda, akaketi mbele yake na jembe mapajani. Nilijua angelitumia. Na mwanamke wa kijiji kile aliyempiga mzungu kwa jembe hangeulizwa swali la pili.

"Le—" nikasikia nje. Akajikata. Kisha, kama mtu anayeonja uji wa moto: "Hodi?"

Mama akanitazama, akajua ni mimi niliyemfundisha.   Mtoto hamkaribishi mgeni mama yake akiwa ameketi kimya.

"Hodi?"

 Viatu vikarudi nyuma kidogo.

"Karibu, Baba!"

Ilitoka chini ya kitanda. Katika nyumba yetu hodi haikuhesabiwa kuwa Kiswahili; ilikuwa ya mtu mmoja. Baba akirudi kutoka kazini alipiga hodi hata mlango ukiwa wazi, ili tu amsikie ndugu yangu akimkaribisha. Nilidhani mtoto amesahau. Akatambaa kutoka, gunia likiburutika nyuma yake, akapita kando ya jembe na miguu yake ile iliyovimba, akanyoosha mkono kwenye komeo asilifikie.

"Mama, fungua. Baba amekuja."

 Mama akaliweka jembe chini, akainuka, akafungua.

Yule msichana alikuwa amekifunika kikombe kwa kiganja ili vumbi lisiingie. Alipiga magoti, akakinyoosha mbele. Ndugu yangu alikipokea kwa mikono miwili. Akanywa, akapumzika, akanywa tena, na muda wote alikuwa akichungulia nyuma ya bega la yule msichana, kule njiani.