Mbanika Samaki na Binti Yake

Tangu warudi kutoka uhamishoni Kongo, yule mama alibanika samaki nyuma ya soko la Arua, Uganda, bintiye Asiya mgongoni. Kila alipogeuza samaki kwa mkono mmoja, mwingine ulikwenda nyuma kuvizuia vidole vya mtoto visikune ngozi. Ukurutu ulikuwa umemchubua Asiya viwiko na magoti. Nesi aliposema moshi ndio unaouchochea, mama alimpeleka mtoto kijijini Pajulu kwa dada yake Hajara, akarudi motoni peke yake, maana kazi nyingine hakuwa nayo.

Ijumaa chache alizopata nafasi, alioga, akajisugua mpaka akachubuka, akaenda kumwona. Bado alinuka moshi. Mara ya mwisho, mwaka mmoja baadaye, alimkuta Asiya akicheza uani, mikono laini kabisa. Alipomwita, mtoto alikimbia akajificha nyuma ya Hajara.

“Mama, huyu nani?” Asiya alimwuliza Hajara.

Hajara aliona haya. “Dada, rudi naye basi. Ngozi yake sasa iko muzuri.”

“Iko muzuri sababu iko hapa,” yule mama alijibu polepole.

Akaketi pembeni, mahali ambapo upepo haukumpelekea mtoto harufu ya nguo zake, akamtazama akicheza mpaka saa ya kuondoka.