Kidole Alichokizaa

Jambo la kwanza nililoliona kwa sonara aliyenipangisha chumba ni kwamba hakuuachia mkono wangu upesi. Alinisalimu, akaugeuza kidogo, akasema, "Karibu mwanangu. Kidole chembamba hivi, kwani huli?" Baadaye niligundua kuwa huwapima hivyo watu wote wa mtaa, na ni nadra kukosea.

Kazi hiyo alifundishwa na marehemu mumewe, kwenye meza ileile iliyo chini ya dirisha la sebule. Hapo hutengeneza hereni na kuunga mikufu iliyokatika, kisha hufagia kwa brashi laini, maana vumbi la dhahabu halitupwi. Kwa kazi hiyo amemsomesha binti yake wa pekee, ambaye sasa ni muuguzi katika mji mwingine.

Binti huyo anaolewa kesho. Mama aliamua kumtengenezea pete kwa mkono wake, yenye kito cha kijani alichoachiwa na mumewe. Nilipomuuliza kama amempima binti, alicheka.

"Nikipime kidole nilichokizaa mwenyewe?"

Jumapili iliyopita binti akaja. Pete ikaingia, ikafika kwenye kiungo cha kidole, ikagoma. Akasukuma, wapi!

"Mama, kumbe kweli mganga hajigangi!"

"Nyamaza wewe. Huko wodini mnalishwa nini?"

Walicheka wote wawili, lakini mama aliketi. Kuipanua pete ni kuikata, kuitia kipande na kuiunga kwa moto, na kito kile hakivumilii moto. Lazima kitolewe kwanza, nacho kina ufa mwembamba kama unywele.

"Basi nitavaa hata ya shaba," binti akasema kwa upole. "Kito cha baba kisije kikavunjika."

"Baba yako hakukiacha kikae sandukuni. Lete mkono."

Safari hii alimpima kwa pete za kupimia, moja baada ya nyingine, kama mteja asiyemjua.

Jumatatu asubuhi, binti akiwa amesharudi kazini, mama alinikabidhi taa nimmulikie. Akayafungua makucha yaliyoshika kito, la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilikataa. Akaweka koleo chini, akajifuta jasho la viganja, akaanza tena. Kito kikadondoka juu ya kitambaa, kizima. Akakibusu.

Kisha akavua pete yake ya ndoa.

"Hii siku hizi inanipwaya," akasema. "Nikiipunguza, itanikaa vizuri, na kile kipande kitamtosha yeye."

Jana jioni alikirudisha kito mahali pake. Leo binti anafika saa sita kuijaribu. Pete iko mezani. Sakafu imefagiwa mara mbili, na mwenye nyumba amesimama dirishani na miwani ya kazi usoni.

"Mwanangu, saa ngapi sasa?"

"Saa nne na nusu, mama."

"Hiyo saa yako inatembea kweli?"