Kipimo Alichochagua Futikamba

Dada yangu ni fundi makochi, na nasema mapema kwamba hakuna fundi anayemzidi mjini kwetu. Asiyekubali alete kochi lake. Karakana yake ni chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vioo. Mlango ni wa chuma, unalia ukiusukuma. Ndani utakuta masponji yameegeshwa ukutani, springi zimejaa kwenye ndoo, na makochi yaliyovuliwa vitambaa, yamebaki mbao na misumari. Wateja wanamwita Futikamba kwa sababu futi kamba haimtoki shingoni. Anapima mara tatu kabla ya kukata kitambaa, na mteja akimharakisha anaanza kupima upya, makusudi.

Mimi ni mdogo wake. Nafundisha watu kuendesha gari, kazi iliyonizoesha kuwaambia watu wazima kushoto, kulia, simama. Nakiri kwamba nikifika nyumbani huwa nasahau kuacha.

Habari yenyewe ni ya baba, ambaye ana miaka sabini na tisa. Tangu tukiwa wadogo alikuwa akituambia kwamba ana dada. Mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka minne na dada yake tisa, walichukuliwa siku moja na nyumba mbili tofauti, na hawakuonana tena. Baba alikulia kwa watu wema, lakini watu haohao walimwambia kwamba hajawahi kuwa na dada, kwamba mtoto wa miaka minne huota mambo mengi. Hana picha wala karatasi yoyote. Ana kumbukumbu ya mgongo wa msichana aliyembeba, na gauni lenye mistari. Sisi tulimwamini siku zote. Lakini mwaka jana, tumekaa sebuleni tukinywa chai, alisema bila kututazama, "Labda kweli niliota."

Sijawahi kusikia neno lililoniuma kama hilo. Mtu ameshikilia jambo miaka sabini na tano, halafu analiachia hivi hivi kwenye kikombe cha chai.

Dada aliweka kikombe chake chini. "Hukuota, baba. Nitamtafuta mpaka nimpate."

Mimi, mjuzi wa kila kitu, wiki haikuisha nikawa na jawabu. Nilikwenda karakana na simu mkononi, nikamkuta amepiga magoti anapigilia misumari, mingine ameibana kwa midomo.

"Nimepata," nikamwambia. "Kuna kipimo cha DNA cha ukoo wa baba. Kinafuata baba, baba wa baba, mpaka juu kabisa. Damu yetu ni ya baba, au sivyo? Tuagize leo leo."

Akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja. "Huyo tunayemtafuta ni mwanamume au mwanamke?"

"Swali gani hilo, dada?"

"Wewe nijibu."

"Mwanamke."

"Basi hana alama hiyo. Baba anampa mtoto wa kiume peke yake. Shangazi hana, na watoto wake hawakuipata kwake. Utatafuta mpaka meno yaishe."

Nilikaa juu ya ndoo ya springi. Futikamba aliishia shule ya msingi. Nilikuwa nimekwenda kumfundisha, kumbe yeye anasoma tangu siku ile ya chai, kila anapongoja gundi ikauke. Alinionyesha daftari lake la vipimo. Katikati ya upana wa makochi na urefu wa mito alikuwa ameandika aina tatu, kwa ule mwandiko wake mkubwa. Ya kwanza ni hiyo yangu, akaikata mstari mbele ya macho yangu. Ya pili inafuata upande wa mama: baba na dada yake wote wanayo kutoka kwa mama yao, lakini haisemi mko karibu kiasi gani, inaweza kukukutanisha na mtu ambaye mama yenu mmoja aliishi zamani za kale. Ya tatu inaangalia urithi wote, wa baba na wa mama, halafu inasema watu wawili wanachangia kiasi gani. Kwa hiyo inaweza kutofautisha mtoto wa dada na ndugu wa mbali usiyemjua hata kwa sura.

"Mtu anayeanza aanze na hii ya tatu," alisema. "Hizo nyingine zitakuja baadaye, zikihitajika."

"Sawa. Basi nipimeni mimi," nikasema, nikitafuta pa kurudishia heshima yangu. "Baba amechoka, tusimsumbue."

Alinitazama kama anavyowatazama wateja wanaoleta kitambaa pungufu. "Wewe una nusu tu ya baba. Kitambaa kizima kipo, kwa nini nihangaike na kipande?"

Ikabaki kampuni. Mimi nilivutiwa na moja iliyokuwa na kisanduku cha kupendeza na ramani ya rangi, inayokuambia wazee wako wa kale walitoka pembe ipi ya dunia. Dada akaisukuma kando. "Sitafuti ramani, natafuta mtu." Yeye aliandikia kampuni nne, akaziuliza maswali yaleyale: mmepima watu wangapi, na wa kutoka pande zetu ni wangapi? Nani ataliona jina la mzee wangu? Nikitaka mfute kila kitu, mtafuta? Mbili hazikujibu, nazo akazikata mstari. Iliyobaki na orodha kubwa zaidi ilitaka mtu ateme mate yajaze kichupa, na baba, kwa sababu ya dawa zake za presha, mdomo wake ni mkavu. Akachagua ya nne, inayotumia kijiti chenye pamba cha kusugulia ndani ya shavu. Orodha yake ilikuwa na watu wengi vilevile, na walimjibu kila swali.

Kabla ya kuagiza alikwenda kukaa na baba. Mimi nilikuwepo, na hapo ndipo nilipojua dada yangu ni mtu wa aina gani.

"Baba, inawezekana tusipate mtu," alimwambia. "Inawezekana tukapata jambo usilolipenda. Ndugu usiowajua, siri za watu waliokwisha kufa. Ukisema hapana, naliacha, na sitakuuliza tena."

Baba akauliza, "Na kama hayupo kabisa?"

"Hapo tutajua wote pamoja. Hutajua peke yako."

"Agiza, mwanangu," alisema baba.

Kisanduku kikaja, na asubuhi ya kupima tukamkuta baba amevaa suti. Suti kamili, na tai. Alikuwa amepiga mswaki mara mbili, akasukutua kwa maji ya chumvi, akasukutua tena, mpaka mdomo ukamwasha. Maelezo yalisema asile, asinywe, asisafishe kinywa kwa muda kabla ya kusugua shavu. Dada alikuwa amemwambia asile wala asinywe. La mswaki hakumwambia, maana hakuna mtu aliyefikiri kwamba mzee angejiandaa kana kwamba anakwenda kuposa.

"Baba, umesukutua?" dada aliuliza, na sauti yake ikapanda.

"Ulitaka nipeleke uchafu kwa watu nisiowajua? Mimi nina adabu zangu."

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Dada alisita, lakini basi la kwenda posta lilikuwa karibu kuondoka na baba alikuwa amekwishafungua mdomo kwa heshima zote. Wakasugua, wakatuma. Wiki tano baadaye jibu likaja: sampuli haitoshi, haisomeki. Futikamba, anayepima mara tatu, alikuwa ameharakishwa mara moja, na hakujisamehe. Baba naye alisema "basi, yaishe," na nilimwona akikunja lile neno lake la sebuleni na kuliweka tena moyoni. Nilitishika kwelikweli.

Kumbe kampuni inatoa kijiti cha pili bila malipo, ukiomba. Dada aliomba siku ileile. Mara hii alilala kwa baba, akaficha mswaki kwenye mkoba wake, na asubuhi akamkalisha mzee nusu saa na zaidi bila chai, akimkodolea macho. Baba alilalamika kwamba amefungwa jela nyumbani mwake. Mimi niliipeleka bahasha posta mwenyewe, kwa gari la mafunzo, na mwanafunzi wangu wa siku hiyo akajifunza kuegesha mbele ya posta mara nyingi kuliko alivyotaka.

Majibu yalifika tukiwa karakana wote watatu, baba akiwemo. Juu kabisa ya orodha alikuwepo mwanamke wa miaka hamsini na minne, anachangia na baba karibu robo ya urithi. Kampuni iliandika: mtu wa karibu sana, huenda mpwa, huenda mjukuu, huenda ndugu wa mzazi mmoja.

Nilimgeukia baba. "Mjukuu?"

"Usinitazame hivyo," alisema baba.

Dada alimwandikia yule mwanamke mistari mitatu tu, bila kumtaja mtu yeyote wala kumwekea maneno mdomoni. Aliuliza kama katika familia yao kuna mtu aliyetengana na ndugu yake utotoni, akaacha namba ya simu. Jumapili mchana, tukiwa kwa baba tumemaliza kula, simu ikaita. Dada akaiweka kwenye spika.

"Mimi ni yule uliyeniandikia," sauti ilisema. "Nilipima miaka mitatu iliyopita kwa sababu mama alinisihi. Anatafuta mdogo wake. Ana miaka themanini na minne, yuko hapa, ananinyang'anya simu."

Kukasikika mvutano, kisha sauti ya kizee, yenye amri ndani yake. Ilitamka jina ambalo sisi hatukuwahi kulisikia, jina ambalo mama yao alimpa baba kabla ya waliomlea kulibadilisha.

Baba, mwenye magoti mabovu, akasimama wima.

"Naam, dada," alijibu.

Mimi na Futikamba tukatazamana. Hatukuwahi kumsikia akimwitikia mtu hivyo.

"Nani kanitafutia wewe?"

"Binti yangu mkubwa," alisema baba, na alilisema kwa nguvu, majirani wasikie. "Ni fundi. Hakuna fundi kama yeye."

Futikamba alikuwa analia bila kujificha, mikono yote miwili kichwani. Upande wa pili shangazi alivuta pumzi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtoto wa miaka tisa aliyeachiwa mdogo wake amtunze:

"Umekula?"

Baba aliitazama sahani yake, aliyoimaliza yote.

"Bado," alisema.