Gundi Kwenye Usukani

Mume wangu Kimeu aliponiacha akaenda kuishi Kiboko na mwanamke mwingine, aliniachia watoto wanne na baiskeli yenye pancha. Watoto niliwalea. Baiskeli niliitengeneza, na ndiyo hunibebea maji kutoka mtoni.

Jumamosi iliyopita nilibandua tepu kuukuu kwenye usukani. Gundi ikabaki, nyeusi kama lami. Nikaipaka mafuta ya kupikia ilainike, nipate kuikwangua kwa kigunzi cha mahindi. Ndipo Kimeu akaingia uani amevaa suti ya rangi ya maziwa, akielekea Migwani kumsimamia bwana harusi.

"Mama Nzisa, nimekuja kuchukua baiskeli yangu. Mke wangu anahangaika na maji."

"Na mimi nakunywa mchanga, Baba Nzisa?"

"Usinianzie."

Akaushika usukani kwa mikono yote miwili. Nikampisha. Alipofika langoni akahisi viganja vinanata, akavifuta kwenye suruali, kisha kwenye koti. Akawa na madoa kama ng'ombe.

"Lete sabuni, haraka."

"Hiyo haitoki kwa sabuni. Ni mafuta, halafu unasugua pole pole. Kaa hapo, ni kazi ya saa mbili."

Harusi ilikuwa karibu kuanza. Akaiangusha baiskeli, akaiendea pikipiki iliyomleta, iliyokuwa ikimngoja nje ya lango, mikono juu kama mtu anayeombewa. Mwenye pikipiki akamkataza kumgusa.

"Nitarudi," Kimeu akasema.

Nilikwangua upande wa kushoto tu. Baiskeli yenye mitungi husukumwa kwa kushika upande mmoja, na ule mwingine nimemwekea Kimeu.