Portofino ya Mwalimu Bice

Adalgisa Ferloni alikuwa na bahari ukutani. Ilimjia vipande vipande, kila kipande kipana kama kiganja, kila mwaka mwezi wa Agosti: postikadi za wakazi wa jumba. Upande wa kulia wa chumba chake cha ubawabu kilikaa kisiwa cha Capri, na miamba yake imesimama majini kama ng'ombe wanaooga. Upande wa kushoto ilikaa Portofino, nyumba ndefu nyembamba za rangi ya pichi na ya ngozi ya kitunguu, zimeshikana mabega kuizunguka bandari ndogo. Katikati palikuwa na ndoano ya funguo.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa bawabu wa jumba lile la ghorofa tano karibu na Porta Romana, Milano, na bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Agosti ilipofika wakazi waliondoka, naye akabaki na funguo zao zote kwenye pete moja, akipanda na kushuka ngazi kumwagilia maua ya watu.

Mwaka ule wakazi waliamua kuweka kengele za umeme mlangoni, na bawabu akawa hahitajiki tena. Kwa kuona haya, au kwa upendo, au kwa yote mawili, walichangishana wakampa zawadi ya kuagana: wiki moja baharini, watu wawili. Achague mwenyewe, Capri au Portofino.

"Capri, Bi Adalgisa. Huna haja hata ya kufikiri," alisema Mhandisi Ravasio wa ghorofa ya kwanza, ambaye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kukata tiketi. "Maji ya kule yana rangi ambayo bado haijapewa jina."

"Itapewaje jina na haionekani?" Bi Ornella Tagliabue wa ghorofa ya nne alidakia kutoka kwenye ngazi, kikapu cha mboga mkononi. "Watu wamejazana juu ya maji kama nzi juu ya tikiti. Nenda Portofino, dada yangu. Padogo, pasafi, unakunywa kahawa meza ya jirani na watu wa kwenye magazeti."

"Unainywa umesimama, maana viti vyote vimekaliwa na hao wa kwenye magazeti."

"Afadhali nisimame Portofino kuliko kupandishwa kilima Capri kama mbuzi. Mke wako si alirudi bila kisigino?"

"Cha kiatu, Bi Ornella. Sema cha kiatu, watu wasije wakamhurumia bure."

Adalgisa alicheka huku akipanga barua. Moyoni alikwisha kuchagua zamani. Kwa miaka kumi na mmoja, akipiga pasi, akisugua ngazi, alikuwa akiteremka taratibu kwenye uwanja mdogo wa Portofino, ule unaoinamia maji kama sinia linalomwagwa. Aliujua. Alijua mawe yake yanavyopoa jioni chini ya nyayo.

"Jumamosi saa sita mchana nataka jibu," alisema Mhandisi. "Ofisi ya usafiri ikifunga, imefunga mpaka Septemba. Na huyo wa pili ni nani?"

"Mwalimu," alisema Adalgisa. "Nitakwenda na Mwalimu Bice."

Bi Ornella alipiga makofi mpaka vitunguu vikaruka kikapuni. "Basi, neno limekwisha! Nani anaijua Portofino kama Mwalimu? Kila mwaka yuko huko. Tena mwaka huu na mimi nipo wiki hiyohiyo! Miaka kumi na mmoja tunakwenda kwenye kijiji kidogo kama sahani na hatujakutana hata mara moja. Safari hii atanipeleka mwenyewe kwenye nyumba yake ya wageni, anijulishe kwa mwenye nyumba. Nitamwambia leo."

Hapo ndipo Adalgisa alipojua kwamba ameharibu.

*

Milano ya Agosti haimsamehe anayebaki. Viwanda vinafungwa, maduka yanashusha milango ya chuma, na anayeonekana barabarani baada ya tarehe tano huangaliwa kama mgonjwa. Kwa hiyo wasioweza kwenda mahali hufunga mbao za madirisha, hutembea peku, hupika vitu visivyonukia, na hukaa kizani wakisubiri Septemba iwarudishe nyumbani. Kila jumba lina mtu wake wa namna hiyo. Bawabu humjua, na bawabu hanyanyui kichwa.

Wa jumba lile alikuwa Mwalimu Bice Malinverni wa ghorofa ya tatu, mjane, aliyefundisha watoto wa mtaa kupiga piano mpaka vidole vyake vilipokataa. Mwaka wa kwanza wa ujane wake alishuka ngazi na sanduku la kahawia na kofia ya majani, akaaga kwa sauti ya kusikika mpaka ua wa nyuma, akapanda tramu ya stesheni. Siku hiyohiyo, saa nane mchana, saa ambayo jua peke yake ndilo linalotembea barabarani, alirudi kwa mlango wa uani, viatu mkononi. Adalgisa alikuwa pale, na kopo la maji. Aliuinamia mrihani kwenye chungu kana kwamba umemwita.

Kesho yake asubuhi alining'iniza mfuko wa mkate na mapichi kwenye kitasa cha ghorofa ya tatu, akagonga mara mbili, akashuka. Jioni mfuko ulikuwa palepale, umekunjwa vizuri kama leso ya kanisani. Ikawa hivyo kila siku ya kila Agosti, na neno halikusemwa.

Septemba, Mwalimu alirudi waziwazi, kwa tramu, na sanduku lake. Uso ulikuwa umeiva kwa jua shavu la kushoto tu, na mkono wa kushoto tu, maana roshani ya jikoni kwake hupata jua kwa saa moja na nusu tu asubuhi, kutoka upande mmoja. Ndani ya barua za siku ile Adalgisa alikuta postikadi ya Portofino, stempu yake safi kama yai, haijaguswa na muhuri wa posta yoyote. Postikadi nyingine alizichoma kwa pini moja juu. Ile aliipaka gundi pembe zote nne, asitokee mtu wa kuigeuza.

Kisha walikunywa kahawa, na Mwalimu akaanza kusimulia. Majina ya hoteli Adalgisa aliyajua yalikotoka. Ndiye aliyemwazima magazeti. Lakini kulikuwa na paka. Paka wa kijivu, alisema Mwalimu, hulala kwenye ngazi za kanisa juu ya bandari. Asubuhi yuko ngazi ya juu kabisa. Kengele ikilia saa, anaamka, anajinyoosha, anashuka ngazi moja, analala tena. Saa sita mchana amefika chini, na wavuvi wanakuwa wamerudi na dagaa.

Huyo hakutoka kwenye gazeti lolote. Na katika Portofino yote, huyo ndiye aliyemtia Adalgisa hamu ya kwenda.

*

Ijumaa asubuhi Mwalimu alishuka. Alikuwa amevaa glavu nyeupe, na Adalgisa akajua kwamba amekuja na uongo, maana kwa mambo ya kweli huja mikono mitupu.

"Nimeambiwa, Bi Adalgisa. Nashukuru sana. Lakini mwaka huu sitaweza."

"Kuna nini, Mwalimu?"

"Dada yangu wa Cremona. Anaumwa. Nimeandikiwa."

Adalgisa alimgawia barua mwanamke yule kwa miaka kumi na mmoja, na hata bahasha moja haikuwahi kutoka Cremona. "Pole sana," alisema. "Mungu atamponya."

"Wewe nenda Portofino. Mchukue mpwa wako. Nenda ukaone."

"Na paka, nimsalimie?"

Mwalimu aliangalia ukuta, upande wa kushoto, kwenye ile bahari yenye gundi. Kidole kimoja cha glavu kilikuwa kimeshonwa mara nyingi mpaka uzi umekuwa mwingi kuliko kitambaa.

"Amezeeka yule," alisema polepole. "Huenda usimkute."

Akapanda ngazi bila kusubiri lifti.

Mchana kutwa Adalgisa hakukaa vizuri. Alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Aliona njia mbili zikimteremkia mbele. Katika moja alishuka uwanja wa Portofino na mpwa wake, msichana mwema asiyenyamaza, na mawe yalikuwa ya baridi kama alivyoyajua, na ngazi za kanisa zilikuwepo, na hapakuwa na kitu juu yake. Na ghorofa ya tatu, nyuma ya mbao zilizofungwa, mtu alitembea peku bila mkate mlangoni. Mwakani bawabu hatakuwapo tena. Kengele za umeme haziningʼinizi mifuko.

Njia ya pili ilikwenda pale pale, na Mwalimu yuko naye. Bi Ornella anakuja mbio uwanjani mikono imefunguliwa. "Haya Mwalimu, nyumba yako ya wageni iko wapi?" Na Mwalimu anageuka huku na huku, katika kijiji alichokijenga mwenyewe kwa miaka kumi na mmoja, na hajui hata kanisa liko upande gani.

Akasimama na pazia linalochuruzika maji, akautazama ukuta. Akautazama upande ambao hakuwahi kuujali, wa kulia, wenye wale ng'ombe wa mawe.

*

Jumamosi, kabla ya saa sita, walikusanyika mbele ya mlango wake kama watu wa harusi. Mhandisi alikuwa na kofia kichwani tayari kwenda ofisi ya usafiri. Bi Ornella alimshika Mwalimu mkono wa kushoto, asikimbie.

"Eti dada anaumwa," alisema Bi Ornella. "Wiki moja tu, Mwalimu! Hata wagonjwa hupenda kupumzishwa na ndugu zao."

"Haya, Bi Adalgisa," alisema Mhandisi. "Wapi?"

"Capri."

Mhandisi alivua kofia. Bi Ornella alimwachia Mwalimu mkono. "Capri? Wewe? Umeimba Portofino mpaka mabomba ya jumba yanaijua!"

"Ndiyo maana," alisema Adalgisa. Alizungumza na Bi Ornella, lakini maneno aliyatuma kwa mwingine. "Portofino Mwalimu anaijua yote. Mimi nitakuwa natembezwa kama mtoto wa shule: hiki ni hiki, kile ni kile. Sitaki kiongozi. Nataka mtu wa kupotea naye. Mtu mshamba kama mimi, ashangae ninaposhangaa."

Wote walimwangalia Mwalimu Bice. Alikuwa amesimama wima kama mbele ya piano, na mkono mmoja ulikuwa unavua glavu ya mkono wa pili, kidole baada ya kidole.

"Capri," alisema, "sijawahi kufika."

Lilikuwa neno jepesi, na lilimtoka kama mtu anayeweka chini kikapu. Akalirudia, kwa sauti kubwa zaidi, akaonekana kulipenda. "Kwa kweli Bi Ornella, sijawahi kabisa kufika Capri. Sijui hata boti inapandiwa wapi."

"Napoli, Mwalimu, Napoli!" alisema Mhandisi kwa furaha, na akaanza kuwaeleza vitu kumi kwa mpigo, na Mwalimu akauliza, akauliza tena, na hakuna aliyemshangaa.

"Na dada wa Cremona?" aliuliza Bi Ornella.

"Amepata nafuu," alisema Adalgisa. "Barua imekuja leo. Nimeigawa mwenyewe."

*

Katika boti, Mwalimu Bice alichagua kiti cha upande ambao jua lingempata mkono wa kulia. Hakusema sababu. Adalgisa alikaa kushoto kwake, mkoba umebanwa magotini, akiangalia maji. Mhandisi hakuwa amedanganya: rangi ile haikuwa na jina. Alijaribu kuipa moja, akalisahau kabla hawajafika.

Siku ya pili walipotea mara tatu kabla ya chakula cha mchana, wakacheka mpaka mwenye duka la kofia akatoka kuwaangalia. Siku ya tatu Mwalimu alinunua postikadi, akaliandikia jumba zima, akasimama kwenye dirisha la posta bila kuiachia.

"Wataipiga muhuri kweli?" aliuliza, bila kugeuka.

"Watapiga, Mwalimu."

Karani aliichukua, akapiga. Mwalimu alimwomba aipige tena, ile ya kwanza haikuonekana vizuri, na karani akapiga tena kwa kuwa ilikuwa Agosti na bibi alikuwa na kofia nzuri.

Walikwenda kukaa kwenye ukuta mfupi juu ya bahari, wakamenya pichi moja wakagawana. Mbali kule chini ile miamba ilisimama majini, na boti ndogo zilipita katikati yake. Adalgisa alijisikia yuko mahali pawili. Nusu yake ilikuwa hapa, na nusu nyingine ilikuwa bado inateremka uwanja ule mwingine, polepole, bila haraka ya kufika.

Kengele ya kanisa la Capri ikalia. Walihesabu pamoja, midomo ikitembea: mapigo kumi na moja, saa tano ya asubuhi.

"Mwalimu," alisema Adalgisa, "yule paka wa Portofino, saa hizi amefika wapi?"

Mwalimu Bice alifumba macho. Shavu lake la kulia lilikuwa limeanza kuwa jekundu.

"Ngazi ya pili kutoka chini," alisema. "Amejinyoosha sasa hivi."