Waini ya Mizabibu Mikongwe ya Kajiado

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha maonjo, nilifukuzwa kabla sijagusa glasi. Nilikuwa nimejipaka mafuta yenye marashi, nikitaka kupendeza. Mkuu wa Maonjo, Bwana Njoroge, alisimama mlangoni akanizuia kwa mkono.

"Mama, rudi unawe. Wewe unanukia kuliko waini."

Nilinawa kwenye bomba la uani kwa sabuni ya kufulia, nikarudi. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kiwandani Kitengela. Zabibu zilivunwa nje ya mji wa Kajiado, zikaletwa kwetu kwa lori, zikapondwa, zikachachushwa hadi sukari yake igeuke kileo. Wengine huita kinywaji hicho divai. Sisi pale kazini tulisema waini.

Nilikuwa nimeajiriwa maabara, kupima sukari na asidi. Mkuu ndiye aliyeomba nihamishiwe kwake, kwa sababu siku moja nilitambua kwa kunusa tu kwamba pipa fulani lilikuwa na ukungu. Nyumbani jambo hilo halikuwa jepesi. Sisi ni watu wa Bungoma, na kanisa letu halitaki pombe. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Nilipomweleza, aliniuliza jambo moja tu.

"Unatema yote?"

"Yote, Baba Wekesa. Kuna ndoo kabisa ya kutemea."

"Basi unapima tu, kama daktari. Wakiniuliza, nitawajibu hivyo."

Waliuliza, naye akawajibu hivyo. Wengine hawakuridhika, na kwa muda fulani akina mama hawakunialika kwenye vikundi vyao. Niliumia, lakini sikuacha kazi.

Mkuu alinifundisha kwa kuuliza. Tulizungusha glasi ili harufu iamke, tukanusa, tukaweka kidogo mdomoni, tukavuta hewa juu yake, tukatema. "Unasikia nini?" Kama nilisema "harufu nzuri," alikasirika. "Nzuri ni nini? Nipe kitu ninachoweza kununua sokoni." Ndivyo nilivyojifunza kutaja forosadi, pilipili manga, majani ya nyanya, ngozi mbichi. Alinifundisha pia tanini, ile nguvu inayotoka kwenye ganda la zabibu na kukausha ufizi, kama strungi, chai isiyo na maziwa, iliyochemka kupita kiasi.

Kule Kajiado kulikuwa na kipande cha mizabibu mikongwe, iliyopandwa na mapadre zamani sana. Vigogo vyake vilikuwa vimejipinda, vinene kama paja. Mzabibu ukizeeka huzaa kidogo, vishada vidogo vyenye punje ndogo. Mwenye shamba na kiwanda, mjane tuliyemwita Madam, alikuwa amechoka nayo mizabibu hiyo. Wanunuzi wa ploti walikuwa wanamfuata kila wiki. Mkuu alimwomba jambo moja: msimu huo zabibu za pale zichachushwe peke yake, na waini ionjwe ikiwa bado changa.

"Sawa," Madam alisema. "Lakini nikionja nikose tofauti, hiyo miti inang'oka."

Mwaka huo ulikuwa wa kiangazi. Mizabibu michanga ilinyauka. Ile mikongwe, yenye mizizi ya kina, iliivisha matunda yake polepole hadi yakawa meusi.

Asubuhi ya maonjo tulikuwa watatu kwenye ghala la mapipa. Mkuu alizungusha glasi, akanusa. Akanusa tena. Alikaa na pua ndani ya glasi mpaka nikaanza kuona haya kwa niaba yake.

"Bwana Mkuu, sema basi," Madam alisema.

Aliweka glasi chini. "Madam, nikisema kitu nitakuwa nakudanganya. Sisikii harufu. Tangu yale mafua ya Juni, hakuna kitu. Nilidhani itarudi. Muulize Mama Wekesa."

Hapo nikaelewa kwa nini tangu Juni alikuwa akiniuliza "unasikia nini?" bila kunisahihisha. Nilielewa pia kwamba kwa maneno hayo alikuwa amejifuta kazi mwenyewe.

Nilichukua glasi. Rangi ilikuwa nzito, karibu nyeusi, na ukingoni zambarau, dalili ya waini changa. Nilinusa zambarau zenyewe, zile zilizoiva hadi zikapasuka chini ya mti, na nyuma yake udongo mwekundu ulionyeshewa. Mdomoni ilijaa, tamu bila sukari, halafu tanini ikashika ufizi. Nilitema. Ladha haikuondoka.

Nilisema vile nilivyosikia. "Bado ni kali, Madam. Ukiiuza leo watu watalalamika. Ipumzike kwa pipa. Lakini sijawahi kuonja nyingine kama hii hapa."

Madam alionja tena, taratibu.

"Hizo zambarau," alisema mwishowe. "Nimezipata. Acheni hiyo miti."

Kisha akamgeukia Mkuu. "Na wewe, Njoroge?"

"Mimi narudi kwangu Ngong."

Nilipewa nafasi yake, nikaishika hadi nilipostaafu. Madam alipofariki, watoto wake waliuza shamba, na leo pale kuna nyumba za mawe na kuta ndefu. Hilo lilikuwa lao kuamua. Vijana hunitembelea hapa Kitengela wakitaka kujua kama pua hufundishika. Nawaambia hufundishika, na pia hupotea, kwa hiyo wajifunze na kazi ya ulimi.

Nilijifunza hilo Ngong. Kila mwaka niliipeleka waini changa nyumbani kwa Bwana Njoroge. Yeye aliionja kwa ulimi, mimi nikimweleza harufu. Mwaka mmoja nilimwambia, "Plamu zilizoiva." Aliishikilia mdomoni, akatikisa kichwa, akatema.

"Hapana. Hii asidi ni ya tunda ambalo halijaiva. Nusa tena, usiwe na haraka."

Nikanusa tena. Alikuwa sahihi.

"Plamu mbichi," nikasema. "Ile nyama chachu iliyo karibu na kokwa."

Alifumba macho. "Eeh," akasema. "Sasa naisikia."