Gari Bubu

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Gereji nzima ilimwita Sikio, na hakuna aliyemwita hivyo kwa dhihaka. Ukimpelekea gari linalosumbua, hakukimbilia spana. Alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha kwenye injini inayonguruma, mpini akauegesha sikioni, akatulia kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Kisha anakuambia: "Beringi ya pampu ya maji hiyo. Kalete mpya, usinipotezee muda." Na kweli ikawa beringi.

Hayo yalikuwa ya zamani. Mwaka huu milio ilikuwa imeanza kumponyoka. Kwanza alidhani ni uchovu, kisha akasingizia mafua, kisha akaishiwa visingizio. Aliukandamiza mpini hadi sikio likauma, na bado injini ilimnong'oneza tu. Hakumwambia mtu. Sikio asiyesikia, nani atamwachia gari lake? Hofu hiyo ilimnyima utulivu. Mara asimame, mara apangue spana alizokwisha kuzipanga, mara afute mikono isiyo na grisi.

Dawa yake ikawa ubishi. Watu wakibishana hupiga kelele, na akipigiwa kelele alisikia kila neno. Kwa hiyo kila asubuhi alimchokoza wakala wa bima, mwenye kibanda pale mlangoni mwa gereji, na mada haikubadilika: magari ya umeme.

"Gari bubu hilo!" Sikio alifoka. "Linakuja kama paka. Litamgonga mama mkwe wako hapo njiani, sijui utalipa nini!"

"Mimi silipi, inalipa kampuni!" wakala naye akapaza sauti. "Kata bima kubwa, ulale usingizi!"

"Bima kubwa! Kioo kikivunjika mnataka picha, mnataka sababu, mwisho mnatoa pole!"

"Endelea kubisha. Umeme ukishika kasi hakuna plagi, hakuna oili, hakuna ekzosi. Hiyo bisibisi utaiegesha wapi? Kwenye betri?"

Mafundi wakaangua kicheko. Sikio naye alicheka, halafu akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichokitaka, kama kuna bima ya viungo vya fundi. Kidole, tuseme. Au jicho. Au, eh, sikio.

"Sikio lako wewe? Kampuni itafilisika, bwana!"

Kicheko kikaanza upya. Sikio akaenda kupangua spana.

Siku chache baadaye bintiye, dereva wa kampuni inayosambaza dawa madukani, alikuja na gari jipya la kazini. La umeme. Alishuka uso umechanua.

"Shikamoo, baba. Nimekuletea adui yako umwone."

"Marahaba, mwanangu. Umelisukuma toka wapi?"

Alilizunguka, akapiga teke tairi, akachungulia chini, akaguna. Moyoni alifurahi kumwona binti yake ameaminiwa kitu kipya namna ile, ila asingekubali kulisema mbele ya wakala. Binti akapanda tena ili alisogeze kivulini. Sikio alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, ameligeuzia mgongo, akiokota nati iliyodondoka.

Gari likaanza kurudi nyuma. Fundi mmoja akapiga ukelele, wakala akachomoka kibandani mbio. Gari likafunga breki lenyewe, bampa imeshagusa shati.

Sikio aliruka. Alikuwa ameogopa sana, na woga ukageuka hasira papo hapo. "Mmeona? Si nilisema? Gari bubu! Linaua mtu hivihivi!"

Safari hii hakuna aliyembishia. Wakala alimsogelea, akaongea taratibu, na Sikio ikabidi amtazame midomo.

"Hiyo gari ikirudi nyuma inalia, ndugu yangu. Inapiga ti, ti, ti. Mimi nimeisikia niko ndani, na redio nimewasha."

"Wameiwekea sauti makusudi, baba," binti alisema akishuka garini. "Watu wasigongwe."

Mafundi walikuwa wameacha kazi wanamwangalia. Sikio aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona kazi yake yote, miaka yote ile, inamtoka mikononi.

"Najua inalia," alisema. "Nilikuwa na mawazo tu. Hebu irudishe tena."

Binti akapanda. Sikio akasimama kando, akapinda shingo, akafumba macho. Alisubiri. Alisubiri tena, kisha tabasamu likamjia usoni.

"Ehee! Hiyo sasa naisikia. Kamlio kembamba, ti, ti, ti. Nilikuwa nawatania nyinyi. Haya mwanangu, zima sasa, tuongee."

Alipofumbua macho, bintiye alikuwa amesimama mbele yake, machozi yanamlengalenga.

"Baba," alisema kwa nguvu, "nimeshaizima kitambo."